Je, naweza kumtoa mwanangu shule na kumfundisha nyumbani nikiwa Ujerumani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu ni wenyeji wa Mombasa, tunaishi karibu na Stuttgart, huu mwaka wa sita. Binti yetu Tumaini ana miaka minane, yuko darasa la pili. Tangu Januari wenzake wanamcheka rangi na nywele, wanamvuta misuko, na sasa kila asubuhi analia tumbo linamuuma. Mwalimu wake anasema ni utani wa watoto. Mdogo wangu yuko Birmingham, anawafundisha wanawe wawili nyumbani na hakuna anayemgusa. Mimi nimeshanunua mtaala wa mtandaoni wa Kiingereza, na wiki hii Tumaini amekaa nyumbani siku tatu. Wakati wa korona si watoto wote walisomea nyumbani? Sheria inaniruhusu? Na nani atakuja kunikagua?" (Mama Tumaini, Baden-Württemberg)

Marahaba, Mama Tumaini. La haraka kwanza, sheria baadaye. Mtoto anayeonewa huumwa tumbo kweli, si kisingizio. Mpeleke kwa daktari wa watoto leo, mweleze kisa chote kuanzia Januari, kisha uombe cheti. Kanuni za jimbo lenu zinataka shule ijulishwe sababu ya mtoto kutofika kabla ya siku ya pili ya kutokuwepo kwake kwisha, na ukijulisha kwa simu, maandishi yafuate ndani ya siku tatu. Siku zinazopita kimya ndizo zinazoandikwa utoro, hata kama mwalimu ni mpole na hajakupigia simu.

Sasa swali lenyewe. Hapana, huruhusiwi.

Nchi nyingi za Ulaya humlazimisha mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu. Ujerumani humlazimisha ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Wazazi wengi hawaioni tofauti hiyo mpaka barua za faini zianze kuingia. Wanakuja wamebeba mtaala, ratiba ya wiki, madaftari yaliyosahihishwa vizuri kwa wino mwekundu, wakidhani mjadala utakuwa juu ya ubora wa mafundisho. Swali wanaloulizwa ni fupi: Jumatatu saa mbili asubuhi mtoto alikuwa wapi?

Elimu Ujerumani ni mamlaka ya majimbo, na yote 16 yana sheria zake za shule, lakini katika hili hayatofautiani sana. Juu yao iko Katiba ya 1949. Ibara ya 6 inasema malezi ya watoto ni haki ya asili ya wazazi na pia wajibu wao. Ibara ya 7 inaweka mfumo mzima wa shule chini ya usimamizi wa serikali. Mahakama huzisoma ibara hizi mbili pamoja: mzazi analea, dola nayo ina jukumu lake la kumlea mtoto kama mwananchi atakayeishi na watu wasiofanana naye. Kwenu Baden-Württemberg, kifungu cha 76 cha sheria ya shule kinataja kabisa kwamba mafundisho mengine badala ya shule ya msingi yanaweza kuruhusiwa na mamlaka ya elimu, ila kwa nadra na katika hali za kipekee. Najua utakiona kifungu hicho mtandaoni na moyo utaruka. Tulia kwanza usome kesi iliyotoka jimboni mwenu.

Familia ya Konrad, Wakristo wenye msimamo mkali wa dini, waliomba ruhusa ya kuwafundisha watoto wao nyumbani. Mamlaka ya elimu ikakataa, mahakama za utawala zikakataa, na mwaka 2003 Mahakama ya Katiba ya Karlsruhe ikakataa pia. Karlsruhe ilikubali kwamba huenda watoto wangejifunza masomo nyumbani. Hoja yake ilikuwa kwamba jamii ina maslahi ya haki katika kuzuia kuchipuka kwa jamii zilizojitenga kwa misingi ya dini au itikadi, na kwamba uvumilivu hujifunzwa kwa kukutana kila siku na wanaofikiri tofauti. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ya Strasbourg ikaitupa rufaa yao. Ilisema nchi za Ulaya hazina msimamo mmoja kuhusu jambo hili, kwa hiyo kila nchi ina nafasi ya kujiamulia, na kwamba wazazi bado wana muda wa baada ya shule na mwisho wa wiki kuwafundisha watoto wanachotaka.

Mimi binafsi naiona sheria hii kuwa kali kupita kiasi. Kumwambia mtoto mweusi anayevutwa misuko kila siku kwamba yuko pale ili ajifunze uvumilivu, huku wanaomvuta hawafundishwi lolote, ni jambo linaloudhi. Ila maoni yangu hayatakufaa kitu mbele ya hakimu, na wewe hukuniandikia ili nikufariji.

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi huku kuna ujumbe unaozunguka kila mwaka ukidai kuwa hii ni "sheria ya Hitler". Usiitumie hoja hiyo popote, itakuharibia. Wafalme wa Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya zamani, walikuwa wakitoa amri za watoto kwenda shule tangu 1717. Katiba ya Weimar ya 1919, yaani ya jamhuri iliyotangulia Wanazi, ibara ya 145, ndiyo iliyoweka wajibu wa jumla wa shule kwa nchi nzima, na sheria ya shule ya msingi ya 1920 ikabana mafundisho ya faragha yaliyokuwa kimbilio la matajiri. Lengo lilikuwa mtoto wa bwana na wa kibarua wakae dawati moja. Sheria ya Julai 1938, wakati wa Wanazi, ilifanya kanuni ziwe sawa nchi nzima na kuruhusu nguvu za polisi. Baada ya vita sheria ikaandikwa upya jimbo kwa jimbo, na wajibu ukabaki.

Kuhusu korona: shule zilipofungwa katikati ya Machi 2020 watoto walikaa nyumbani, lakini hawakutoka shuleni. Majina yalibaki kwenye orodha ya darasa, kazi zilitoka kwa mwalimu, alama zilitolewa na shule. Vivyo hivyo mtoto mgonjwa wa muda mrefu anaweza kuletewa mwalimu nyumbani au hospitalini, na watoto wa sarakasi wana walimu wanaowafuata na magari. Hayo yote ni shule iliyomfuata mtoto. Mtaala ulionunua, hata ungekuwa na cheti cha chuo kikuu gani, ni mali yako binafsi. Haumwondolei Tumaini wajibu wa kuhudhuria. Hata kumwandikisha kwenye shule ya mtandaoni iliyosajiliwa nchi nyingine hakubadilishi kitu maadamu anaishi Baden-Württemberg.

Umeuliza nani atakuja kukagua. Hakuna. Kwa kuwa jambo lenyewe haliruhusiwi, hakuna mkaguzi wa elimu ya nyumbani, hakuna mtihani wa kumpima mtoto wala fomu ya kujiandikisha. Kinachofuatiliwa ni mahudhurio, na ngazi zake ni hizi. Mwalimu wa darasa humwarifu mkuu wa shule. Mkuu huwaandikia ninyi, na mkikaa kimya, huiarifu mamlaka. Hapo huja faini. Kwa sheria ya jumla ya makosa madogo inaweza kufika euro 1,000 pale ambapo sheria mahususi haikutaja kiasi kingine, na kila kipindi kipya cha utoro kinaweza kuzaa faini mpya. Polisi wanaweza kumsindikiza mtoto shuleni. Katika jimbo jirani la Hesse mzazi anayemzuia mtoto kwa ukaidi hutenda jinai, kifungo hadi miezi sita, na Mahakama ya Katiba ililibariki hilo mwaka 2014.

Usidhani wanaotazamwa ni watu wa dini tu. Mei 2018, siku chache kabla ya likizo, polisi wa Bavaria walisimama kwenye uwanja wa ndege wa Memmingen wakiziuliza familia zenye watoto wa umri wa shule kama wana ruhusa ya kutokuwepo darasani. Wapo Wakenya na Watanzania wengi huku ambao huondoka siku mbili mapema kwa sababu tiketi ya kwenda nyumbani ni nafuu. Nao utoro wao huandikwa vilevile.

Juu ya ngazi hiyo ndiko kwenye Jugendamt, idara ya ustawi wa watoto, na mahakama ya familia. Najua jina la Jugendamt huwafanya wazazi wetu washikwe na baridi, na hadithi za kunyang'anywa watoto zinasambaa kuliko habari kamili. Mahakama ya familia inaweza kuingilia pale tu inapoona ustawi wa mtoto uko hatarini, na lazima ijaribu hatua nyepesi kwanza. Lakini mwaka 2007 mahakama ya juu ya rufaa ilithibitisha kuwa kukataa shule kwa ukaidi kunaweza kuhesabiwa matumizi mabaya ya haki ya malezi, na kwamba sehemu ya haki hiyo, ile ya kuamua mambo ya shule na makazi ya mtoto, inaweza kukabidhiwa mtu mwingine.

Mfano wa mbali zaidi ni wa familia ya Wunderlich wa Hesse. Walikuwa na watoto wanne na walikataa shule kwa miaka. Mwaka 2012 mahakama ikawaondolea haki ya kuamua makazi na masomo ya watoto. Tarehe 29 Agosti 2013 watoto walichukuliwa wakawekwa kwenye makao kwa wiki tatu, wakarudishwa wazazi walipokubali waende shule. Mwaka uliofuata haki ikarejeshwa. Januari 2019 Strasbourg ikasema Ujerumani haikuvunja haki yao ya maisha ya familia. Nakutajia hili si kukutisha. Wewe na siku zako tatu uko mbali sana na huko. Nataka tu uone kwamba hata safari ndefu kiasi hicho ya mahakama iliishia mlango wa shule.

Sasa mdogo wako wa Birmingham. Hakudanganyi. Sheria ya Elimu ya 1996, kifungu cha 7, inayotumika Uingereza na Wales, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, kwa kuhudhuria shule "au vinginevyo". Neno hilo la mwisho ndilo linalombeba. Mtoto akiwa shule ya kawaida, mzazi humwandikia mwalimu mkuu kwamba sasa anamfundisha mwenyewe, na jina hufutwa. Halmashauri inaweza kuuliza maswali, na isiporidhika hutoa amri ya kumpeleka shule. Hata huko upepo unageuka: mswada uliopelekwa Bungeni Desemba 2024 ulipendekeza daftari la lazima la watoto wasio shuleni. Austria, ambayo si mbali na ninyi, imelinda mafundisho ya nyumbani tangu sheria ya msingi ya 1867: mzazi hutoa taarifa kabla ya mwaka wa shule kuanza, na mwisho wa mwaka mtoto hufanya mtihani kwenye shule iliyoidhinishwa, akifeli, anarudi darasani. Ufaransa iliruhusu kwa taarifa tu tangu 1882, lakini kuanzia Septemba 2022 ni lazima upewe kibali cha mwaka mmoja kwa moja ya sababu nne, nao wakaguzi hupita walau mara moja kwa mwaka. Ukiniuliza mimi, mtindo wa Austria ndio wa haki kuliko yote, kwa sababu unamwangalia mtoto anajua nini.

Wazazi wa Kijerumani wanaoamua kufundisha nyumbani huhamia nchi kama hizo. Familia ya Romeike, nao kutoka Baden-Württemberg, walikwenda mbali zaidi. Polisi waliwapeleka watoto wao shuleni Oktoba 2006, wakahamia Tennessee 2008, hakimu wa uhamiaji akawapa hifadhi 2010, mahakama ya rufaa ikaipinga 2013, na 2014 Marekani ikawaacha wabaki bila kuwapa hifadhi rasmi. Kwenu ninyi njia ya kuhama ina kikwazo kingine. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani hakiwapi haki ya kwenda kuishi Austria au Denmark. Raia wa Umoja wa Ulaya anafunga mizigo na kwenda, Mkenya anaanza maombi upya.

Na wazo ambalo najua limeshakupitia, kwa kuwa huwapitia wengi: kumpeleka Tumaini kwa bibi yake Mombasa. Kisheria mnaweza, maadamu kweli anaishi huko na mmemfutia makazi hapa. Lakini mtoto asiye raia wa Ulaya akikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita, kibali chake hufa chenyewe, isipokuwa ofisi ya wageni imeongeza muda huo kabla haujaisha. Kumrudisha baadaye ni viza mpya, foleni mpya, na hakuna anayekuhakikishia. Ile njia ya mkato, kumfuta kwa karatasi huku yuko sebuleni kwako, iache kabisa. Sheria ya jimbo lenu humhesabu mtoto kwa makazi yake halisi. Jirani mmoja akimwona dirishani saa nne asubuhi, umeongeza tatizo la taarifa za uongo juu ya la shule.

Basi nguvu zote ulizokuwa uzimalizie kwenye mtaala, zielekeze kwenye kadhia yenyewe, yaani anachofanyiwa Tumaini.

Fungua daftari leo. Tarehe, saa, mahali, nani alifanya nini, nani aliona, mtoto alirudi katika hali gani. "Wanamcheka kila siku" haimsogezi mtu. "Tarehe 11, mapumziko ya pili, karibu na vyoo, wavulana wawili walimvuta misuko mpaka shanga zikakatika, mwalimu wa zamu alikuwepo" inamsogeza. Shanga zilizokatika zitie kwenye bahasha.

Kisha andika barua kwa mkuu wa shule, si kwa mwalimu wa darasa, kwa Kijerumani, ueleze matukio matatu au manne kutoka kwenye daftari na uombe kikao, ukitaja tarehe unayotarajia jibu. Usianze na neno ubaguzi kwenye sentensi ya kwanza. Weka matukio, na neno hilo litakuja lenyewe likiwa na miguu. Omba afisa ustawi wa shule awepo kikaoni kama shule inaye. Nenda na mume wako au mtu anayejua Kijerumani vizuri, na mmoja wenu aandike kinachosemwa. Siku ya pili tuma muhtasari kwa barua pepe: tulikubaliana hivi na hivi. Watu wa ofisi za huku huheshimu kilichoandikwa.

Kikaoni kumbuka kwamba kifungu cha 90 cha sheria ya shule ya jimbo lenu kinampa mkuu wa shule hatua za kuchukua dhidi ya wanaoonea, mpaka kumhamishia mtoto darasa sambamba au kumzuia kuhudhuria kwa muda. Wazazi wetu wengi hudhani anayepaswa kuhama ni anayeonewa. Waulize kwa utulivu ni hatua gani kati ya hizo wamekwisha kuchukua. Mkuu akikwepa, mamlaka ya juu ya shule za msingi ni Staatliches Schulamt ya eneo lenu, na malalamiko ya maandishi hayagharimu kitu. Pia iko ofisi ya ushauri wa saikolojia ya shule, bure na yenye kutunza siri. Barua yao na cheti cha daktari huwa na uzito mkubwa katika hatua inayofuata.

Hatua hiyo ni kubadili shule. Shule za msingi za serikali hufuata mtaa unaoishi, lakini ruhusa ya kwenda mtaa mwingine hutolewa kukiwa na sababu nzito. Mtoto anayeumwa tumbo kila asubuhi, mwenye cheti na daftari la matukio, ni sababu nzito. Njia nyingine ni shule binafsi, ambazo Katiba inazilinda na hapo hapo inazikataza kuchuja watoto kwa uwezo wa wazazi, ndiyo maana nyingi hupanga ada kwa kipato. Mko mahali pazuri kwa hilo: shule ya kwanza ya Waldorf duniani (mfumo wa shule unaotilia mkazo sanaa na kazi za mikono) ilifunguliwa Stuttgart mwaka 1919 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Ziko za Montessori na za makanisa pia. Ila usilipe kabla ya kumpeleka Tumaini akae darasani siku moja, na uulize swali moja tu: mara ya mwisho mtoto kuonewa hapa, mlifanya nini? Wakijibu kwamba kwao mambo hayo hayatokei, rudini nyumbani.

Mtaala ulionunua usiutupe. Jioni na Jumamosi ni zako, hakuna sheria inayogusa saa hizo. Msomeshe Kiingereza, Kiswahili, historia ya kwao, chochote. Huhitaji kibali wala hukaguliwi. Ila usimwekee mtoto wa miaka minane shule mbili kwa siku moja.

Mwisho, hizo siku tatu. Huenda zisilete kitu ukishapeleka cheti na maelezo. Zikileta, utaona bahasha ya njano, na posta ameandika juu yake tarehe aliyoiingiza sandukuni. Usiitupe bahasha hiyo, kwa kuwa kuanzia tarehe ile una wiki mbili tu za kupinga faini kwa maandishi kwenye ofisi iliyoitoa. Sentensi moja inatosha kusimamisha saa: unapinga, maelezo yatafuata. Kisha ambatisha cheti cha daktari, nakala ya barua uliyompelekea mkuu wa shule, na kurasa za lile daftari.